Sufuria ya Severina Isiyo na Chumvi

Ukitaka kujua mtu wa kupima chakula cha wagonjwa alilipwaje Mbeya miaka ile ya hamsini, usiwaulize makarani. Watakuzungusha tu. Niulize mimi, Mwanakhamisi, mwuza vitumbua, niliyempangisha chumba Severina Kalinga tangu aliposhuka kwenye basi la Relwe, lile la shirika la reli, kutoka Iringa, sanduku la bati kichwani, baridi ya Julai inamtetemesha. Mwisho wa mwezi wake nilikuwa nauona mimi. Kuna miezi mtoto wa watu alikuwa akija kula kwangu huku akijifanya amekuja kunisaidia kukoroga unga. Acha nikueleze, na nikipandisha sauti univumilie, maana habari hii kila nikiisema roho yangu inawaka upya.

Severina alikuwa Mhehe wa Idodi, Mkatoliki, mrefu, mpole wa sauti, lakini mbishi huyo! Alisoma kwa masista karibu na Iringa mpaka darasa la sita, halafu Sista mmoja mzee wa Kizungu akamweka jikoni mwa zahanati yao, akamfundisha kazi ambayo sisi wengine hatukujua kama ni kazi. Mwenye sukari ale hiki, asile kile. Mtoto aliyevimba miguu na nywele zikageuka rangi hakurogwa, apewe maziwa na karanga za kusaga na mayai, na mama yake akisema kwao mayai ni mwiko, umbembeleze mpaka akubali. Mtu wa figo asionje chumvi hata ya kulamba kidoleni. Sista alipofariki, hospitali moja ya hapa Mbeya ikamchukua Severina. Jina la hospitali silitaji, waliokuwepo wanaijua.

Kazi yake niliiona kwa macho yangu, maana vitumbua vya manesi nilikuwa nikivipeleka mwenyewe mpaka ndani. Jikoni kulikuwa na masufuria makubwa ya wagonjwa wote, na pembeni mafiga ya Severina na sufuria zake ndogo ndogo, kila moja na mgonjwa wake. Anapima mchele kwenye mizani, anapima nyama, anaonja, kisha anapita wodini kuangalia nani amemaliza na nani amekificha chakula chini ya kitanda. Aliyekificha anakaa naye, anambembeleza kama mtoto. Daktari, Mzungu kijana, alikuwa akimwambia mbele za watu, "Severina, nusu ya dawa zangu unazipika wewe."

Maneno matamu hayo, lakini maneno hayalipi kodi. Kwenye mshahara aliandikwa mpishi. Mpishi, basi, sawasawa na Isakwisa, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuwa akisonga ugali wa hospitali nzima. Nesi alikuwa na yunifomu, kofia, kota ya kulala na nyongeza kila mwaka. Dresa, mfunga vidonda, alikuwa na daraja, na juu yake daraja jingine la kupandia. Severina alikuwa na aproni ya marekani aliyoishona mwenyewe na chumba kwangu chenye bati linalovuja. Akaenda kumuuliza Gideoni, karani wa ofisi, yeye atapanda lini. Gideoni akacheka.

"Utapanda kwenda wapi, Severina? Hakuna cheo cha kupima uji."

Huyo Gideoni! Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata siku za mvua, na huruma hana hata ya kuazima. Severina aliporudi na jibu lile nikamwambia, "Mwanangu, wanaume wanakuulizia hapa barazani kwangu mpaka wananichosha. Si uolewe tu?"

"Nikiolewa leo, Bi Mwanakhamisi, nitamwambia nini baba?"

Hapo ndipo palipokuwa na mzigo wake. Baba yake, Mzee Kalinga, alikuwa amekwisha kupokea posa ya mtu mwenye ng'ombe zake. Severina akalia, anataka kazi ya Sista. Mzee akairudisha posa, kijiji kizima kikimcheka, akamwambia binti yake, "Nenda. Lakini siku moja uniletee cheo, nikione kwa macho yangu, niwafunge midomo hawa." Ndicho Severina alichokuwa anakitafuta kwenye mizani ile kila siku ya Mungu. Hakutaka dhahabu wala kanga mpya, alitaka cheo cha kumwonyesha baba yake.

Mwaka mmoja, mvua zilipokatika, daktari akamwita. Kuna mkubwa wa mambo ya tiba anakuja kutoka Dar es Salaam. Wanatafuta mtu mmoja wa kumpeleka Kampala akasomee chakula cha wagonjwa, na akirudi awe na cheo kamili, yunifomu, kota na mshahara wa kupanda. "Nimekwisha kumgusia habari zako," daktari akamwambia. "Wewe uwe na mgonjwa mmoja wa kumwonyesha, aliyepata nafuu kwa chakula." Siku ile Severina alirudi nyumbani anaimba nyimbo za kanisani. Nikamkaangia vitumbua vya nazi, nazi yenyewe imetoka pwani kwa bei ya kunitoa roho. Nikamtania, "Ukishavaa kofia utanisalimia tena, au mpaka nije nimelazwa?" Akacheka mpaka akakaa chini. Sikumwona akicheka hivyo tena.

Siku chache baadaye basi la Iringa likamshusha Mzee Kalinga mwenyewe. Uso umevimba, macho yamebaki mistari, miguu haiingii kiatu, ameshikwa mkono na dada yake Paskalina, shangazi yake Severina. Iringa hospitali zilikuwepo, lakini mzee alisema ana binti hospitalini, aende kwa watu baki kufanya nini? Daktari akampima, akasema ni figo. Dawa kidogo, na chakula kisicho na chumvi kabisa, huenda kwa miezi.

Siku za kwanza mzee alizidiwa akawa hajijui, akilishwa anameza. Severina akawa anahangaika na ladha. Alikuja kwangu kuchukua ndimu, tangawizi na bizari, akamkamulia, akamkaangia kitunguu, ilimradi baba ale. Uvimbe ukaanza kushuka, macho yakafunguka. Daktari akafurahi mno. "Mgonjwa wa kumwonyesha mkubwa ndiye huyu," akasema, kisha akaondoka na gari kwenda vijijini kuchanja watu ndui, akisema atarudi pamoja na mkubwa.

Kumbe mzee kupata fahamu ndiko kulikoleta balaa. Shangazi Paskalina alionja mabaki ya bakuli akapiga yowe mpaka manesi wakatoka mbio. Na hapa unisikilize vizuri. Katika ukoo wao kina Kalinga, chakula kisichotiwa chumvi ni chakula cha matanga. Baba akifa, binti yake ndiye anayekipika, na waliofiwa wote wanakila hivyo hivyo mpaka siku ya kuondoa tanga. Binti kumpikia baba chakula hicho angali hai ni kumwambia, baba, sisi tumekwisha kukuzika.

"Unanipikia matanga, Severina?" mzee akamuuliza. "Nami nakutazama kwa macho yangu?"

"Baba, ni figo. Daktari ndiye amesema."

"Figo ndiyo imekutuma unizike?"

Akalisukuma bakuli, akageukia ukutani. Tangu hapo akawa hagusi chakula kilichopita mkononi mwa binti yake. Paskalina akawa anamletea samaki wakavu wa chumvi kutoka sokoni Mbalizi, kwa mapenzi kabisa, anamlisha mwenyewe. Uvimbe ukarudi mbio. Sikumcheka yule mzee, na wewe usimcheke. Hata sisi Waislamu kuna mambo ya msibani ambayo ukimfanyia mtu mzima aliye hai, hatakusamehe mpaka anaingia kaburini.

Aliyepata njia ni Isakwisa. Alimkuta Severina analia kwenye stoo ya unga, akamuuliza, "Dada, kwenu nani anaruhusiwa kupika bila chumvi?"

"Mtu wa nje tu. Akipika mtu wa nje hakina maana yoyote, kinakuwa chakula kibaya basi."

"Sasa mimi Mnyakyusa ni wa ukoo wenu?"

Wakakubaliana. Severina awe anapima na kukata na kuunga kila kitu ndani ya stoo, Isakwisa asimame motoni na kupeleka bakuli wodini. Wakamwambia mzee na Paskalina kwamba binti ameondolewa kwenye chakula chake, siku hizi anaosha vyombo. Mzee akaridhika, akala. Analalamika, lakini anakula. "Huyu Mnyakyusa hajui kupika," anasema, "ila hana nia mbaya na mimi." Na Paskalina alipoona kaka yake anakula, akaacha kwenda Mbalizi. Uvimbe ukashuka tena, safari hii ukashuka kweli, mpaka mzee akaweza kutembea na fimbo kuja barazani kwangu. Mimi nikamkaangia kitumbua chake peke yake bila hata chembe ya chumvi, wala sikumwambia kitu, Mungu anisamehe.

Nilimsisitiza Severina, "Mweleze daktari mapema, mwanangu."

"Akirudi, mama. Halafu mkubwa si atakuja jikoni? Nitamweleza huko huko, sufuria zenyewe anaziona."

Ndivyo mtu wa jikoni anavyofikiri. Wakubwa hawaji jikoni.

Siku ya mkubwa nilikuwa mlangoni mwa wodi na kapu langu. Waliingia kwa kundi, daktari bado ana vumbi la safari, Gideoni nyuma yake kama mkalimani, kifua mbele. Severina alikuwa amesimama ukutani na aproni aliyoipiga pasi tangu alfajiri, Isakwisa kando yake na bakuli la mzee mkononi. Wakafika kitandani kwa Mzee Kalinga. Daktari akaeleza Kiingereza chake kirefu, akamwonyesha mkubwa miguu ya mzee ilivyonywea. Mkubwa akauliza neno. Gideoni akalitafsiri kwa sauti ya kuhutubia mkutano.

"Bwana mkubwa anauliza, chakula cha mzee huyu kinapikwa na nani?"

Mzee akainua kichwa. Paskalina, aliyekuwa anasuka kikapu miguuni pa kitanda, mkono ukasimama. Daktari anatabasamu, anamtazama Severina, anamngoja aseme "mimi" tu. Neno moja! Wallahi nilijikuta nalisema mimi kimoyomoyo kwa niaba yake. Severina akamtazama daktari, akamtazama baba yake.

"Isakwisa," akasema. "Anayempikia ni Isakwisa."

Daktari akawa mwekundu mpaka masikioni. "Severina, vipi..."

"Mimi naosha vyombo, bwana daktari."

"Kweli kabisa!" mzee akadakia kwa furaha. "Yule pale mwenye bakuli! Mpeni mkono!"

Mkubwa akampa mkono. Isakwisa alikuwa ameinamisha macho chini, hakusema ndiyo wala siyo. Alikuwa na mke na watoto Tukuyu, naye alikuwa amesonga ugali ule tangu vita vya Hitla havijaisha. Mimi sikumchukia siku ile. Nilitamani kumchukia nikashindwa.

Severina alimfuata daktari ofisini akamweleza yote. Daktari alishika kichwa, akamwambia, "Kwa nini hukuniambia kabla?" Wakati huo gari la mkubwa lilikwisha kuondoka kuelekea Iringa. Mzungu wa watu alijitahidi, akaandika Dar es Salaam kurekebisha. Akajibiwa kwamba nafasi ilikuwa moja, jina la Isakwisa limekwisha kupita, na tena mwanamume ni afadhali, maana mwanamke akishasomeshwa huolewa, akazaa, akaiacha kazi. Astaghfirullah! Severina huyo, aliyewapita wanaume wote wa Mbeya bila kugeuka, kwa ajili ya kazi hiyo hiyo! Gideoni ndiye aliyemsomea jibu, akakunja karatasi na kumwambia asikawie kurudi jikoni. Kitumbua cha mwanangu kiliingia mchanga siku ile, na hapakuwa na maji ya kukisuuzia.

Isakwisa alikuja kwangu jioni, hata kukaa hataki. "Dada Severina, nikikataa hawatakupa wewe. Watampa mtu wa Moshi au wa Tanga. Unasemaje?"

Na ilikuwa kweli. Severina akamwambia, "Nenda, kaka. Ukienda huko usisahau ndimu, wagonjwa wa figo wanakufa moyo bila ladha." Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Wiki ile ile mzee akaruhusiwa kurudi kwao. Tulimsindikiza stendi. Severina akaomba aende naye Idodi, amhudumie.

"Unihudumie nini? Ule upishi wako wa matanga?" Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. "Mimi nilirudisha ng'ombe za watu ili wewe upate cheo. Nimekuja nimekukuta unaosha vyombo. Kampala anakwenda yule Mnyakyusa, na aliyeniponya ni yeye. Sasa wewe, mwanangu, miaka yote hiyo ulikuwa unajifunza nini?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kulipasua pale pale mbele ya abiria, liwalo na liwe! Severina akanikamata mkono, kucha zikaniingia.

"Safari njema, baba," akasema.

Basi lilipoondoka nikamgeukia kwa hasira. "Kwa nini hukuniacha niseme? Kwa nini?"

"Akijua, mama, atakumbuka kila tonge alilokula. Atajua amekula matanga yake mwenyewe kwa mkono wangu. Atalala chini afe."

Nikamshika mkono tukarudi nyumbani.

Sasa mzee alihitaji mtu wa nje wa kumpikia kwao, daima. Severina akapata kwa kuulizia huku na huku mama mmoja Mgogo aliyehamia Idodi, wakapatana naye kwa mshahara. Mshahara! Mshahara wa mpishi haumwajiri mpishi. Nilimwachia kodi, akaacha kununua nyama, viatu vikaisha, akawa anatembea na makubazi ya tairi kwenye baridi ya Mbeya, na fedha inakwenda Idodi kila mwezi. Mzee akadhani mama Mgogo ameletwa na hospitali. Akapeleka salamu kwamba Isakwisa ashukuriwe.

Kisha Isakwisa akarudi kutoka Kampala na yunifomu yake nyeupe. Hakuwa mbaya. Alikuwa akimpita Severina anavua kofia, na mara mbili tatu nilimwona anamwuliza jambo la upishi kwa sauti ya chini. Lakini Gideoni alisema hospitali sasa ina mtaalamu wake, wa kupima chakula wawili wa nini? Severina akapelekwa kumenya viazi kwa malipo ya kibarua. Daktari wetu kijana alikuwa amekwisha kuhamishwa, na mgeni aliyeshika nafasi yake hakumjua Severina hata jina. Fedha ya mama Mgogo ikakatika, na msimu wa kulima ulipofika mama wa watu akaenda shambani kwake. Angefanyaje? Paskalina akaishika sufuria ya kaka yake, akaitia chumvi vizuri, kwa mapenzi yote.

Simu ya upepo ilifika kiangazi, kwamba mzee amezidiwa. Tulikwenda wote wawili kwa basi mpaka Iringa na kwa lori mpaka Idodi, Severina na sanduku lake la bati, ambalo hakulirudisha Mbeya tena. Tulipokaribia nyumba tulisikia kilio kimetanda. Tulikuwa tumechelewa. Severina hakulia. Wanawake walimpokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, za chini chini, wakamshika mabega, wakampeleka moja kwa moja jikoni, kwa sababu kazi ile ni ya binti.

Nikakaa naye kumchochea moto. Akachukua unga, akautazama, nikaona mkono unapapasa pembeni, unatafuta mizani. Haikuwepo. Akapika ugali na kunde, sufuria kubwa, bila chumvi, bila ndimu, akapakua, watu wote wakala. Hakuna aliyesukuma bakuli.

Shangazi Paskalina akaja kukaa karibu naye, macho yamemvimba kwa kulia. Akakata tonge, akalichovya, akamtia Severina mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Angalau leo umempikia baba yako."